Mtoto hahitaji kumaliza "ei, bii, sii" ndipo asome

Wazazi wengi tunaamini kwamba mtoto asiyeweza kuimba alfabeti mwanzo hadi mwisho hayuko tayari kusoma. Si kweli. Jina la herufi na sauti yake ni vitu viwili, na kinachosomesha ni sauti.

Mkalishe mtoto aliyekariri "ei, bii, sii" mbele ya neno "mama". Atanyoosha kidole: "em... ei... em... ei." Kila herufi ameitaja sawasawa, lakini neno halijatoka. Mwenzake anayejua kwamba m ni "mmm" ya midomo iliyofumbwa, kisha midomo inaachia "a", anapata "ma". Akirudia, amesoma "mama", hata kama hajawahi kuiona w wala z.

Kiswahili kinatubeba sana hapa. Irabu ni 5 tu, na kila moja ina sauti ileile popote ilipo. Ndiyo maana wazee wetu walianza na ba, be, bi, bo, bu, na mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulitilia mkazo sauti za herufi. Wala si lazima ufuate mpangilio. Anza na irabu, ongeza m, k, t na b, tayari mtoto ana "kuku", "bata" na "moto".

Mpangilio wa alfabeti atauhitaji baadaye, atakapoanza kutafuta maneno kwenye kamusi.