Katika The Father, hakuna anayemdanganya mzee

Tangu filamu ya Florian Zeller itoke mwaka 2020, wapo wanaoshikilia kwamba mzee Anthony, mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu (dementia), anachezewa shere ili anyang'anywe nyumba. Sivyo. Tunachoona ni kile anachokiona yeye. Ndiyo maana binti yake Anne, anayeigizwa na Olivia Colman, anarudi kutoka dukani akiwa na sura ya mwigizaji mwingine, Olivia Williams. Mwishoni sura hiyohiyo ni ya muuguzi. Samani nazo hubadilika kimyakimya.

Itazame ile saa ya mkononi. Anadai imeibwa, kumbe kaificha mwenyewe bafuni. Haongopi: pengo la kumbukumbu limezibwa na kisa kinachomwingia akilini. Kusaka ukweli wa kila tukio ni kujichosha. Nilijaribu, nikaishia kuhesabu viti.