Kumfundisha mgeni wa bao kwa barua pepe

Watu wakisikia kwamba naandika barua pepe za mchezo wa mtandaoni, hudhani natuma matangazo: ofa ya Ijumaa, zawadi za bure, "tumekukumbuka, rudi". Barua za aina hiyo zipo na wenye nazo wanajua wanachokitafuta. Mimi naandikia mchezo wa bao unaochezwa kwenye simu na kompyuta, na barua zangu karibu zote ni za kufundisha. Mgeni akishajisajili, wiki chache baadaye ama ameelewa kwa nini nyumba yake, lile shimo lake kuu la safu ya mbele, ililiwa, yaani kete zake zilitwaliwa na mpinzani, ama ameshaondoka. Wa katikati ni wachache.

Bao ni gumu kwa mgeni kuliko wenyewe wanavyokumbuka. Aliyekulia karibu na baraza alijifunza kwa kutazama. Alikaa pembeni utoto mzima, akasikia wakubwa wakibishana na kukejeliana, na siku alipoambiwa "haya, kaa" alikuwa tayari anajua nusu ya mambo. Mgeni wa mtandaoni hana wa kumtazama. Ana skrini, ana mpinzani aliyeko Muscat au Mombasa asiyemjua, na akikwama anafunga programu.

Mtu atauliza, si mnaweza kuweka maelekezo humo humo ndani ya mchezo? Yamo. Kasoro yake ni kwamba yanamfikia aliyemo tu. Aliyefungwa jana usiku akaudhika hayumo tena, inabidi afuatwe huko nje aliko. Arifa za simu wengi wameshazizima. SMS inalipiwa kila moja, na ubao wa bao hauingii kwenye SMS. WhatsApp ya biashara nayo ina gharama zake. Barua pepe ni rahisi, ina nafasi ya picha na maneno, na inakaa kikashani ikimsubiri mwenyewe mpaka apate wasaa.

Najua pingamizi la Afrika Mashariki: nani anasoma barua pepe huku? Ni kweli kwamba wengi wana anwani kwa sababu tu simu ya Android iliidai wakati wa kuwashwa mara ya kwanza, na wengine walifunguliwa akaunti na fundi wa simu dukani, nenosiri likabaki kwa fundi. Ndiyo maana barua ya kwanza kabisa haina kazi nyingine ila kuthibitisha kwamba anwani inafika kwa mtu aliye hai. Asiyebonyeza kiungo cha uthibitisho hapati nyingine. Kwa waliobaki, hasa Waswahili wa Uingereza, Canada na Ghuba wanaotafuta mtu wa kucheza naye, barua pepe inasomwa vizuri tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Michezo mingi hutuma barua za mgeni kwa kalenda: siku ya kwanza karibu, siku ya tatu fahamu hiki, siku ya saba fahamu kile. Siipendi njia hiyo. Mtu mmoja siku ya tatu ameshacheza michezo ishirini, mwenzake bado hajagusa kete. Somo la nyumba kwa asiyejua hata kusambaza kete ni kelele, na kwa yule wa michezo ishirini limechelewa. Barua ya kufundisha inatakiwa ifuate tukio, yaani imfikie mtu muda mfupi baada ya jambo kumtokea, akiwa bado na swali kichwani.

Kwa bahati, waliotutangulia walishatufanyia nusu ya kazi. Kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo kati ya mashimo 32 ya ubao (safu mbili za manane kwa kila mchezaji) huwekwa kete 2, zote 64 zikawa ubaoni tangu mwanzo. Hakuna kete za mkononi wala shughuli ya nyumba. Unaanza moja kwa moja na mtaji, hatua ya kusambaza kete zilizomo ubaoni tu. Mgeni wetu anaanzia hapo, na barua yake ya pili ni fumbo moja tu: ubao mmoja, swali moja, "ungeanza na shimo gani?" Akigusa jibu anaingia kwenye mchezo wenyewe. Sielezi historia ya bao wala sipangi sheria kumi kwa nambari. Barua ndefu ya makaribisho humfurahisha aliyeiandika.

Bao la Kiswahili lenyewe ndipo penye shida, na ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Hapo mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Safu yake ya mbele, kutoka kushoto, inasomeka 0 0 0 0 6 2 2 0. Zile 6 ziko nyumbani. Kila zamu ya namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, anaingiza kete moja ya mkononi kwenye safu ya mbele. Mgeni husoma hayo akadhani anaruhusiwa kuiweka anapotaka. Kumbe kama pana mahali pa kula, kula ni lazima. Anagusa shimo, kete haiingii. Anagusa tena. Anagusa la tatu kwa hasira. Kwake yeye programu ni mbovu, na anatoka akiamini hivyo.

Mfumo wetu unahifadhi kila mguso uliokataliwa. Mtu akikataliwa mara kadhaa katika zamu moja kisha akaacha mchezo, barua inajitengeneza yenyewe. Mada yake ni "Kwa nini kete yako ilikataa kuingia". Ndani kuna ubao wake mwenyewe, vile vile alivyouacha, na shimo moja limetiwa rangi. Maneno yake ni machache: "Ulikuwa na kete 2 kwenye shimo hili, na mbele yake mpinzani alikuwa na 3. Kete yako ikiingia hapa unazila zile 3 na kuzisambaza kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Kula kukiwepo, huruhusiwi kuiweka pengine." Chini yake pana kitufe kimoja, "Endelea na zamu hii". Zamu ile ile, ubao ule ule. Nimewahi kushauriwa niongeze na video ya mafunzo, viungo vya kanuni, na picha ya bingwa akitabasamu. Nimekataa. Mtu ana swali moja, ajibiwe hilo.

Barua hii nadhani ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inageuza kile alichokiona kuwa ubovu kikawa sheria. Mchezo ukishaeleweka kuwa una sheria ya siri iliyokuwa ikimbana, mtu hutaka kurudi aitumie sheria hiyo hiyo kumbana mwenzake.

Ya nyumba inafuata mantiki hiyo hiyo. Haitumwi mpaka nyumba ya mtu iliwe kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo maneno hayana uchungu. Hapo ndipo anaelezwa kwamba nyumba yenye kete sita au zaidi ina hadhi yake, kwamba usambazaji ulioanza kwa kula ukiishia nyumbani ana hiari ya kulala (kuishia hapo) au kuisafirisha (kuzichukua kete zake na kuendelea kusambaza), na kwamba kuikumbatia mno kunamfanya mpinzani ajue pa kupiga. Barua nyingine inamhusu mgeni mwoga. Amegundua kwamba kete za safu ya nyuma haziliwi, basi anazirundika huko. Safu ya mbele ikibaki tupu amefungwa, hata kama nyuma ana kete tele. Kwa mtu aliyefungwa namna hiyo ni lazima kuandikiwa, la sivyo ataona ameonewa.

Kuna barua moja ambayo siiandiki mimi, na ndiyo inayorudisha watu kuliko zangu zote: "Zamu yako". Wachezaji wa sataranji waliijua siri hii zamani. Walichezeana kwa posta, hatua moja kwa kadi moja, na shirikisho lao la kimataifa, ICCF, liliundwa mwaka 1951. Leo Chess.com ina michezo ya polepole ambayo mtu hupewa siku nzima au zaidi kwa hatua moja. Na sisi mgeni tunamwekea mchezo wa polepole mapema, mpinzani mmoja wa kiwango chake, siku moja kwa zamu. Barua ikija, upande wa pili yupo mtu anayesubiri, na adabu peke yake inatosha kumrudisha. Hatari yake ni wingi. Mwenye michezo minane akipata barua nane kwa asubuhi moja atajiondoa, na ana haki. Zikishazidi mbili tunazikusanya katika barua moja ya jioni.

Watu ndio wanaomfanya mtu abaki. EVE Online, mchezo wa anga uliotolewa na kampuni ya CCP ya Iceland mwaka 2003, unajulikana kwa ugumu wake kwa wageni, na mwaka 2004 wachezaji wenyewe walianzisha EVE University, chama ndani ya mchezo cha kuwafundisha wapya. Sisi tuna wakongwe wanaojitolea. Mgeni akifungwa mfululizo, barua inamuuliza kama angependa kucheza na mmoja wao, taratibu, huku wakiandikiana. Anajibu barua ile ile kwa neno "ndiyo". Kwa hiyo anwani zetu zinapokea majibu. Anwani ya "usijibu" kwenye barua ya kufundisha siielewi kabisa; mwalimu gani anaziba masikio?

Salamu nayo ina mambo yake. Mfumo haujui kama unamwandikia mzee wa miaka sabini au kijana wa sekondari, na kwenye bao wote wawili wapo. "Mambo" kwa mzee ni utovu wa adabu, na "Shikamoo" kwa kijana ni kichekesho. Tunatumia "Habari za jioni" na jina alilojichagulia mwenyewe, basi. Kubashiri umri wa mtu kwa jina lake ni kujitafutia aibu.

Upande wa mitambo nitapita haraka, ila pana mitego miwili mitatu inayowaponza wengi. Picha za ubao mara nyingi zinazuiwa na programu ya barua, kwa hiyo ubao nauandika na kwa tarakimu chini ya picha. Barua ikizidi kilobaiti 102, Gmail inaikata mkia, na mkia ndiko kilikokaa kiungo cha kujiondoa. Tena mtu wa bando dogo hatakusamehe uzito. Kiungo cha kumwingiza mchezaji bila nenosiri ni kitu kizuri sana kwa watu wanaosahau nenosiri, lakini mifumo ya ulinzi ya baadhi ya watoa huduma hufungua viungo vyote kabla ya mwenye barua kuviona. Kama kiungo chako kinatumika mara moja tu, mtu atakuta kimeshakufa. Dawa ni kiungo kimpeleke kwenye ukurasa wenye kitufe, na kubonyeza kitufe ndiko kuhesabike.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji wakubwa. Kwa Gmail, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku lazima athibitishe anwani yake kwa SPF, DKIM na DMARC (njia tatu za kiufundi za kuonyesha kwamba barua kweli imetoka kwake), aweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja, na malalamiko ya taka yasifike 0.3%. Hayo ni malalamiko matatu kwa kila barua elfu. Kampeni moja ya "tumekukumbuka" kwa watu waliokwisha kuondoka inatosha kuvuka kiwango hicho, na ikivuka, barua ya kete iliyokataa nayo inaanguka kwenye taka. Kwa sababu hiyo matangazo ya wenzangu wa mauzo yanatoka kwenye kikoa kidogo (tawi la anwani yetu ya mtandao) tofauti na changu, na idhini yake inaombwa peke yake. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinataka mtu ajue taarifa zake zinatumika kwa kazi gani. Kumwambia "kukufundisha" kisha ukamuuzia si uungwana hata kama sheria isingekuwepo.

Utajuaje kama barua inafanya kazi? Usihesabu waliofungua. Ufunguaji huhesabiwa pale picha iliyomo ndani ya barua inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kuzipakua picha yenyewe hata kama mwenye simu hajasoma kitu, kwa hiyo hesabu ya ufunguaji imeharibika. Mimi natazama ubao. Aliyepata barua ya kula kwa lazima, je, alirudi kwenye zamu ile? Na mchezo uliofuata, miguso iliyokataliwa ilipungua? Kisha kundi dogo la wageni, lililochaguliwa kwa bahati nasibu, halitumiwi barua hiyo kabisa, nalinganisha nao. Kuna barua nilizozipenda sana kwa lugha yake ambazo kundi lisilotumiwa lilicheza vilevile bila tofauti. Hizo hufutwa.

Anayenyamaza namwandikia mara moja tu, nikimwambia mchezo wake wa mwisho uliishia wapi na kwamba barua zinakoma hapo. Akirudi mwenyewe baada ya miezi hatumwanzishii mafunzo upya kana kwamba hajui kitu. Anapewa fumbo moja la ubao. Akilipatia anapelekwa moja kwa moja kwenye namua, akilikosa anaulizwa kama angependa kupitia tena bao la kujifunza.