Farasi anayepigiwa upatu analipa ngapi?

Wanafunzi wangu wa takwimu hapa Unguja wana mtindo wao, kila nikianza mada ya uwezekano wanaihamishia kwenye mikeka ya mpira. Safari hii mmoja kaja na resi za farasi za Marekani, kaona kwenye simu kuna farasi kapewa nafasi kubwa kuliko wenzake wote, ananambia mwalimu si huyo unamuwekea tu basi, pesa ya bure hiyo. Nikamuuliza, analipa ngapi? Hajui.

Haya, kabla sijaendelea, mie sibeti na kamari ni haramu, hilo halihitaji mimi niliseme, ingawa fiqhi ina mlango wake mzima wa mashindano ya farasi na zawadi zake, mwenye hamu nao akamuulize shekhe. Mie nipo kwenye hesabu tu.

Zile resi kubwa za Marekani hazina mtu anayekaa akakupangia odsi, yaani kiwango cha malipo, kama kampuni za mikeka. Madau yote ya ushindi yanaingia mfuko mmoja, uwanja unakata chake kwanza, New York ni kama 16 kwa mia hivi, kinachobaki wanagawana waliompatia mshindi. Ni mfumo wa Joseph Oller, Mkatalani aliyeishi Paris, wa tokea karne ya 19. Sasa chukua mfuko wa 100,000, na farasi wetu peke yake kawekewa 60,000. Toa 16,000 za uwanja, zimebaki 84,000, zigawe kwa waliomuwekea, kila 1,000 inarudi ikiwa 1,400, mtaji wako umo humohumo. Unaonekana kama mchezo mzuri eeh? Lakini ili usile hasara kwa bei hiyo, na bei hapa ni kile anacholipa, farasi inabidi ashinde mara 5 katika kila 7, yaani kama 71 kwa mia, na watu wote wa uwanjani kwa pesa zao wamesema 60 tu. Hizo 11 za katikati ndo makato ya uwanja, na ukiweka na wewe dau kubwa bei inashuka tena kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hivyo ukiambiwa farasi ni mkali, uliza ni mkali kuliko bei yake au vipi. Big Brown mwaka 2008 alishachukua Kentucky Derby na Preakness, imebaki Belmont Stakes tu akamilishe Triple Crown, yaani kushinda zote tatu mwaka mmoja, watu wakammiminia mpaka tiketi ya dola 2 ikawa italipa dola 2.60. Bei hiyo inataka ashinde mara 77 katika 100. Jokii wake, yaani mpandaji, akamvuta hatamu kabla ya kumaliza, farasi akawa wa mwisho, na Da' Tara ambaye hakuna aliyemtaka akalipa dola 79.

Resi moja haithibitishi kitu, hilo nawakazania sana darasani, hata farasi wa 77 kwa mia ana siku 23 za kukosa. Ila tazama kwa upana: kuanzia 1979 mpaka 2014 farasi 12 waliingia Belmont wakiwa wameshashinda zile mbili za mwanzo na wote 12 wakakosa, mpaka American Pharoah alipokuja kuifunga hiyo biashara 2015. Na sababu zinajulikana, sio uchawi. Belmont miaka hiyo ilikuwa kama mita 2,400, mwendo ambao farasi wengi wa miaka mitatu walikuwa hawajawahi kuukimbia, ilikuwa resi ya tatu ndani ya wiki tano, na wapinzani wengine walikuja wamepumzika, Tonalist aliyemzuia California Chrome 2014 hakukimbia Derby wala Preakness. Habari zote hizo zilikuwa wazi, lakini bei haikuzijali.

Kwa nini? Kwa sababu kuna watu wanaonunua tiketi na wala hawana haja ya faida. Secretariat 1973 alishinda Belmont kwa urefu wa farasi 31, dakika 2 na sekunde 24, na tiketi ya dola 2 ikalipa dola 2.20. Tiketi 5,617 za ushindi hazikurudishwa dirishani kulipwa, watu walizihifadhi! Pesa kama hizo zinakuja kununua kumbukumbu, zinaishusha bei ya farasi huyo, na anayepiga hesabu kwa senti anaingia mfuko mmoja na mtu anayetaka kumuonesha mjukuu wake kikaratasi.

Na hapa ndo nilipomuweka yule kijana akakaa kimya kidogo. Siku hiyohiyo kulikuwa na dau jengine la Secretariat, la kwamba atakuwa wa kwanza au wa pili, ambalo wazi ni rahisi zaidi kulipata maana ukishinda umo, ukiwa wa pili umo. Lililipa dola 2.40. Dau rahisi likalipa kuliko lile gumu, la farasi yuleyule, resi ileile! Ni mifuko miwili tofauti tu yakhe, mmoja umejazwa na wapenzi, mwengine hakuna mwenye haja nao, maana nani atatundika ukutani tiketi ya "wa kwanza au wa pili"?