Kubashi ni nini? Sio kila kushambuliwa ni kubashiwa

Ukianza kucheza gemu za mikakati za mtandaoni, hizi ambazo mnakuwa watu maelfu kwenye seva moja, hili neno kubashi utalisikia kabla wiki haijaisha. Mtu anaamka asubuhi anakuta metali yake imebebwa, anakimbilia kwenye chati ya alaiansi (kundi la wachezaji walioungana), "jamani nimebashiwa". Unamuuliza umepigwa mara ngapi, anasema mara mbili. Hapo hujabashiwa ndugu yangu, hapo umeporwa, na kuporwa ndo gemu yenyewe ilivyo, kila mtu humo ndani anapora na kuporwa. Kubashi ni kitu kingine kabisa, ni kumpiga mtu yuleyule mara nyingi kupita kiasi, na watu wakichanganya hivi viwili wanaoumia ni wale waliobashiwa kweli, mana wakilalamika hakuna anayewasikiliza.

Naelezea kwa mfano wa OGame mana ndo niliyoicheza kwa muda mrefu. Ni gemu ya Wajerumani, ya Gameforge, kampuni iliyoko Karlsruhe, ipo tangu 2002 na unaichezea kwenye brauza. Unakuwa na sayari, unachimba metali, kristali na deuteriamu, unaunda meli, unawavamia wenzako ubebe walichochimba. Haina pozi. Ukilala yenyewe inaendelea, ukiishiwa bando inaendelea, kwahiyo mtu anaweza kukufanyia jambo usiku kucha wewe hujui lolote.

Sasa sheria ya jadi ya pale inasema hivi: mchezaji aliye hai (yani anayeingia kwenye akaunti yake) usimshambulie kwenye sayari moja au mwezi mmoja zaidi ya mara 6 ndani ya masaa 24. Ya saba ni kubashi. Kupeleka vyombo vya upelelezi hakuhesabiki, makombora hayahesabiki, na akaunti iliyoachwa siku 7 bila mtu kuingia inawekewa alama ya i pembeni ya jina, hiyo unaweza kuipiga utakavyo.

Watu wengi wanaikariri hiyo 6 kama namba ya polisi, bila kujiuliza kwa nini sita na sio tatu au ishirini. Sijui waliokaa kuitunga walipiga hesabu gani ila ukiipiga mwenyewe inaeleweka vizuri sana. Kwa kawaida shambulio moja linabeba nusu ya kilichopo kwenye sayari, halizidi hapo hata ulete meli mia. Mdogo wangu alikuwa na koloni lake lina metali kama laki moja, hana meli pale, ulinzi mdogo tu. Usiku bando likamwishia. Asubuhi amepata bando anafungua anakuta ripoti za vita tisa, mtu mmoja, sayari ileile. Tukakaa tukazisoma moja moja. Ukiacha kile ambacho mgodi ulikuwa unaendelea kuchimba, hesabu inaenda hivi: ya kwanza 50,000, ya pili 25,000, ya tatu 12,500, ya nne 6,250, ya tano 3,125, ya sita kama 1,560. Jumlisha hapo, keshabeba zaidi ya 98,400 katika ile laki. Ya saba imebeba kama 780, ya nane 390, ya tisa haifiki hata 200.

Hizo tatu za mwisho ndo zinakufundisha maana ya neno. Kago ndogo moja (meli ya mizigo) inabeba 5,000, yani mtu kawasha meli, kachoma deuteriamu yake, kaja kuchukua vitu ambavyo havijazi hata robo ya meli moja, na hapohapo meli ndogo kabisa ya kivita, faita nyepesi, inagharimu metali 3,000 na kristali 1,000. Mali hapo imeshaisha muda mrefu. Kinachotafutwa ni mwenye sayari, akiamka aone orodha ndefu ya ripoti nyekundu akate tamaa aache gemu. Kiswahili chetu kina neno lake zuri tu, kumwandama mtu. Mashambulio sita ya kwanza ni uporaji, kuanzia la saba ni kuandamwa, na ndo mana naamini hiyo sheria imewekwa mahali pake.

Najua jibu la watu, "mwenye nguvu mpishe, gemu ya vita hii kama hutaki kupigwa kalime mchicha". Nimelisikia hilo mara nyingi na silikubali. Nguvu yako inatambulika kwenye shambulio la kwanza, umevunja ulinzi wake, umebeba nusu, jina lako limepanda kwenye msimamo, hakuna aliyekunyima. Ila hii gemu inaishi kwa kuwa na watu. Ukiwafukuza wadogo wote kwenye galaksi yako baada ya miezi miwili umezungukwa na sayari zenye alama ya i, hakuna mtu wa kucheza naye, na wewe mwenyewe utaondoka.

Kitu kinachowaponza wengi bila kukusudia ni kuhesabu siku. Masaa 24 sio kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku nyingine, ni masaa 24 yoyote yanayofuatana. Ukipiga mara nne saa tano usiku afu ukapiga tatu alfajiri umeshavuka, hata kama kalenda imebadilika. Na ripoti zinaandika muda wa seva, sasa sisi wa huku tunasoma saa kwa mtindo wetu, 23:10 ni saa tano na dakika kumi usiku, na kama seva inafuata saa za Ujerumani basi wakati wa baridi iko nyuma yetu masaa mawili, wakati wa kiangazi lisaa limoja. Ukitaka kuhesabu hesabu kwa muda ulioandikwa kwenye ripoti, usichanganye na saa ya simu yako, utajikuta unamshtaki mtu asiye na kosa au unajihesabia haki wakati umeshakosea.

Vita ni habari nyingine. Alaiansi mbili zikitangaziana vita hadharani, kila mtu akaona, kizuizi cha mara sita kinaondoka kati yao. Wengine wanaona hapo sheria inajipinga, mimi sioni hivyo, mana aliyetangaziwa vita amejua, ataficha meli zake angani kabla ya kulala, ataita wenzake, au akiona maji yamezidi unga ataweka likizo (hiyo migodi inasimama na hakuna wa kukushambulia, ila usipungue siku mbili ndani). Aliyeishiwa bando usiku hajui kama kuna mtu anamtafuta.

Afu kuna ile ya akaunti mbili. Mtu kapiga mara sita na akaunti yake, anaingia na nyingine anapiga sita zingine, kwa macho ya sheria ni watu wawili, kwa ukweli ni mmoja. Ni sawa kabisa na mamluki kwenye mashindano ya shule, kijana si mwanafunzi wenu mmemvalisha jezi yenu. Hili linafungiwa akaunti moja kwa moja. Ila hapa niwatetee wenzangu, kuwa na IP moja (anwani ya mtandao) hakumaanishi mtu mmoja. Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, na nyumba yenye ndugu wawili wanaocheza kwa hotspot moja itaonekana vilevile. Kama mnacheza wawili nyumbani, mwandikieni opareta (msimamizi wa gemu) mapema kabisa, kabla hakuna kesi, na msimshambulie mtu mmoja kwa zamu wala msirushiane mali.

Mapengo yapo, nisiwadanganye. Hesabu ni ya sayari moja, kwahiyo mwenye sayari tisa anaweza kupigwa mara 54 kwa siku na mtu mmoja bila sheria kuvunjika. Na wanachama watatu wa alaiansi moja kila mmoja akipiga sita zake ni kumi na nane kwenye sayari moja. Kwenye alaiansi yetu tuliweka ya kwetu kwamba mwenzako akishapiga mara tatu mahali, wewe tafuta pengine, haikuandikwa popote kwenye sheria za gemu, na hatukufa njaa.

Kama kweli umebashiwa, usimtukane aliyekupiga, mana kutukana ni kosa jingine lenyewe na utafungiwa wewe kabla yake. Usifute ripoti hata moja. Zihesabu kwa muda wa seva kuanzia ya kwanza, hakikisha ni sayari hiyohiyo na mtu huyohuyo, angalia kama kuna vita imetangazwa, afu mtumie opareta. Mdogo wangu alituma tisa zote, nikamwambia amwonyeshe ya saba, nane na tisa kwanza, zile zenye mzigo wa 780, 390 na 195.