DNA huru katika damu: kinachopimwa ni nini, na kwa nini viwango vinahitajika

Seli inapokufa mwilini, DNA yake haitoweki papo hapo. Hukatika vipande vifupi, vingi vyenye urefu wa jozi 166 hivi za herufi za kijenetiki, vikabaki vikielea katika plazma, yaani majimaji ya damu, kabla ya mwili kuviondoa. Hiyo ndiyo DNA huru: haimo tena ndani ya seli. Watafiti Mandel na Métais wa Ufaransa waliieleza mwaka 1948, lakini ilisubiri karibu nusu karne kupata kazi. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba damu ya mjamzito hubeba pia DNA ya ujauzito. (Hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe, na hiyo ni sababu mojawapo ya majibu yasiyo sahihi.)

Leo DNA huru hutumika kuchunguza uwezekano wa mtoto kuwa na kromosomu ya 21 ya ziada (hali iitwayo Down syndrome), kufuatilia figo iliyopandikizwa, na kutafuta mabadiliko ya jeni za saratani bila kukata kinyama cha uvimbe.

Shida ni uchache wake. Mililita moja ya plazma ya mtu mwenye afya huwa na nanogramu (sehemu ya bilioni ya gramu) chache tu, nyingi zikitokana na seli za damu. Kwa mgonjwa wa saratani, sehemu iliyotoka kwenye uvimbe inaweza isifike hata asilimia 1. Damu ikikaa saa nyingi katika chupa ya kawaida yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, seli nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake, na kile kidogo kinachotafutwa kinazama humo. Mashine itasoma bila hitilafu, kisha jibu litoke “hakuna”. Nadhani tunaisifu mno mashine na kuisahau chupa.

Ndiyo maana kiwango cha ISO 20186-3 cha mwaka 2019, kilichotolewa na shirika la kimataifa la viwango, kinahusu yanayotangulia upimaji: damu ichukuliwe, ihifadhiwe na kusafirishwa vipi, na plazma itenganishwe vipi. Kwa upimaji wenyewe, maabara huhitaji sampuli za marejeo zenye kiasi kinachojulikana, ili ilinganishe majibu yake na kiasi hicho.

Tafsiri ya majibu nayo ina mitego. Aprili 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa kipimo cha DNA huru kwa wajawazito ni cha uchunguzi wa awali, hakithibitishi ugonjwa. Hali inayotafutwa ikiwa adimu sana, majibu mengi ya “ipo” huweza kuwa ya uongo. Kwenye saratani, seli za damu zenyewe hupata mabadiliko ya jeni kadiri umri unavyosonga, yakadhaniwa kuwa ya uvimbe. Maabara inayosoma DNA ya seli nyeupe sambamba na plazma huyatambua. Isiyofanya hivyo inaweza kumpa mgonjwa huyohuyo ripoti tofauti, ingawa imefuata utaratibu wake hatua kwa hatua.