Ukiulizwa "Una upendeleo?" kwenye usaili, usijibu kwamba huna

Swali huwa hivi: "Tueleze wakati ulipogundua umempendelea mtu, au umemwonea, bila kukusudia." Msailiwa anashtuka, kisha jibu linamtoka upesi: "Mimi sibagui. Sisi Tanga tumekua pamoja, Waislamu na Wakristo, Wadigo, Wabondei na Wasambaa." Pengine ni kweli tupu. Ila msaili aliyeshika kalamu hana pa kuliandika. Kwenye usaili uliopangwa vizuri, karatasi ya alama inauliza kama ametoa mfano, kama amesema alichofanya yeye mwenyewe, na kilibadilika nini. Kulelewa vizuri hakumo kwenye karatasi hiyo.

Ninachosisitiza kwa kila anayejiandaa ni kwamba swali la upendeleo hujibiwa kwa utaratibu. Jopo linataka kujua unajikagua kwa kutumia nini: daftari, rota, orodha ya vigezo, mtu wa pili anayepitia uamuzi wako. Anayesema hana upendeleo amekiri bila kujua kwamba hajawahi kujikagua.

Na kujikagua kunahitajika hata kwa mtu mwema. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao wa Marekani. Walituma maombi ya kazi yapatayo 5,000 ya watu wa kubuni, Boston na Chicago. Sifa zilifanana, majina yakatofautiana. Majina yanayosikika kuwa ya Wazungu yaliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Sidhani kama wengi wa waajiri wale wangejiita wabaguzi. Kwetu pia jina huingia chumbani kabla ya mwenyewe: Mwanaidi na Neema wameshatajwa dini zao kabla hawajafungua mdomo, na ubini unaoanza na She- unatupeleka moja kwa moja milima ya Usambara.

Sasa mfano wa jibu lenye alama. Chukua mtu anayeomba kuwa msimamizi wa zamu kwenye korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge:

"Nilikuwa nagawa ovataimu kwa kuita niliowaona karibu. Mwisho wa mwezi nikapitia daftari, nikakuta zamu 9 kati ya 12 zimekwenda kwa watu wanne, wote wa mtaa ninaokaa. Hakuna aliyelalamika, nimeliona mwenyewe kwenye daftari. Mwezi uliofuata niliandika majina ya kikosi chote ubaoni, tukawa tunakwenda kwa mfuatano, na asiyetaka anarukwa. Baada ya miezi miwili kila mmoja alikuwa amepata walau zamu moja. Mpaka leo daftari hilo nalipitia kila mwisho wa mwezi."

Hapo pana hali, jukumu, hatua na matokeo, na jibu halifiki dakika moja. Una nafasi ya kulirefusha hadi dakika moja na nusu, mbili zikizidi sana. Muda utakaouongeza upeleke kwenye hatua, maana hapo ndipo alama nyingi zilipo. Wengi hufanya kinyume: hali wanaisimulia kwa dakika mbili nzima, halafu hatua inakuja kwa sentensi moja, "basi nikaongea nao tukaelewana."

Kosa unalochagua kulisimulia liwe la kadiri. Likiwa dogo mno, kama "nilikuwa nawapenda zaidi wanaowahi kazini", jopo litaona unakwepa. Likiwa zito mno, kama kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mimba, umekiri kuvunja sheria. Chagua la mgawanyo: zamu, mafunzo, nani anapewa nafasi ya kusema kikaoni, nani anatumwa safari yenye posho. Usimtaje mtu kwa jina wala kwa cheo kinachomtambulisha.

Kuna mtego mwingine ambao watu wenye nia njema huingia wakitabasamu: "Niligundua kumbe na wao ni wachapakazi sana." Sifa hiyo ni kipimo kilekile kilichogeuzwa upande. Bado unapima kazi kwa kabila. Ukisema kikosi kilikuwa na watu wa pwani na wa bara, simulia mtu mmoja alifanya nini, uache kabila lake lipite. Utani wa makabila nao uache nje ya mlango. Ni mali yetu na una kazi yake misibani na harusini, lakini chumba cha usaili hakina watani. Aliye mbele yako anatoa alama, na hujui yule wa pembeni anausikiaje.

Kwa asiye na uzoefu wa kazi, mfano utoke kwenye mafunzo kwa vitendo, kikundi cha kazi za chuo, kamati ya madrasa au ya kwaya, timu ya mpira, kikoba. Kugawa mikopo ya kikoba ni mfano mzuri sana, kwa kuwa daftari lipo na matokeo yanahesabika.

Swali la pili, "Umewahi kufanya kazi na watu wa asili tofauti?", linaonekana jepesi hapa kwetu. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yakavuta vibarua kutoka bara kwa miongo mingi. Leo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapahapa Tanga. Nani wa Tanga hajafanya kazi na mtu wa mbali? Ndiyo sababu kuorodhesha makabila hakukupi kitu. Chagua tofauti moja iliyogusa kazi, useme mlibadilisha nini. Tuseme ghalani yupo mwenzenu kiziwi, na mabadiliko ya zamu yalikuwa yakitangazwa kwa kipaza sauti. Mkaanza kuyaandika ubaoni kabla ya saa kumi jioni, na wengine wote wakafaidika. Maneno nayo yana alama: sema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. "Kiziwi" halina tatizo, chama chao chenyewe ni Chama cha Viziwi Tanzania. "Bubu", "kilema" na "zeruzeru" yatakuharibia jibu zima.

Swali la mteja hupoteza wengi zaidi. "Mteja amekataa kuhudumiwa na mwenzako kwa sababu ya kabila lake. Utafanya nini?" Jibu la haraka ni "nitamhudumia mimi, mteja asiondoke." Hapo umempa mteja alichotaka na umemwacha mwenzako amesimama. Mpangilio ninaoushauri: mwambie mteja kwa adabu na kwa sentensi moja kwamba mhudumu huyo ndiye mwenye kazi hiyo na anaimudu, huduma ibaki mikononi mwake kama yuko tayari kuendelea, akishindikana mteja, mwite msimamizi, tukio liandikwe siku hiyohiyo, na umuulize mwenzako, faraghani, angependa lishughulikiwe vipi. Jihadhari na usaili wa hospitali. Mama anayeomba muuguzi wa kike kwa uchunguzi wa mwili anaomba stara, na akipatikana apewe. Ukiyachanganya hayo mawili jopo litakuona hujui kazi.

Swali la "Je, ni haki kuwapa wanawake kipaumbele?" si mwaliko wa mjadala. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo kabila au mahali mtu atokako, dini, jinsi, mimba, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na UKIMWI, na umri. Kifungu hichohicho kinasema hatua za kuinua usawa si ubaguzi, wala si ubaguzi kuzingatia sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Jibu basi: sheria inaruhusu, na mimi kama msimamizi nitahakikisha vigezo vya sifa vinatangazwa mapema na kila mmoja anapimwa kwa vigezo hivyo. Anayeomba kazi ya rasilimali watu aongeze kwamba kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Wasailiwa wachache wanalijua hilo.

Kisha yapo maswali ambayo upendeleo umo kwa muulizaji. "Umeolewa? Mtoto mchanga utamwacha na nani ukiwa zamu ya usiku?" Kifungu cha 7 kinamlinda hata mwombaji kazi, lakini kutaja kifungu chumbani kunageuza usaili kuwa kesi. Jibu hitaji la kazi lililo nyuma ya swali: "Ratiba ya zamu nimeielewa, na nimejipanga kuifanya kama ilivyo." Ishia hapo. Usitaje mtoto, mume wala bibi anayelea. Wakirudia, uliza kwa upole: "Naomba kuelewa, mwenyekiti, jambo hilo linahusiana vipi na majukumu ya nafasi hii?" Mara nyingi mjumbe mwingine wa jopo huokoa jahazi. Kwa mjamzito, zamu ya usiku imeshawekewa mipaka na sheria yenyewe: miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake, hapangiwi kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

"Wewe mwenyeji wa wapi?" ni suala jingine. Kwetu hiyo ni sehemu ya salamu, na kuikunjia uso kutakuonyesha huna adabu. "Muheza, shikamoo," kisha rudi kwenye kazi. Likirudi mara ya pili katikati ya maswali, au likifuatiwa na "watu wa pwani mnaijua kazi kweli?", hapo lijibu kwa rekodi yako: siku ulizohudhuria, tani mlizopakia, hesabu zilizofungwa kwa wakati.

Ukitoka, kaa mahali palipotulia uandike maswali yote kama yalivyoulizwa, na nani aliuliza. Fanya hivyo siku hiyohiyo, maana kesho maneno yatakuwa yamebadilika kichwani. Ukiamini umenyimwa kazi kwa ubaguzi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ina ofisi mkoani Tanga, na lalamiko la aina hii linapaswa kufika ndani ya siku 60. Ukitoa ushahidi wa awali unaojitosheleza, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua, na hapo karatasi zake za alama ndizo zitakazoombwa kwanza.