Rangi Ikipotea, Maji Bado Hayajawa Safi

Wenye viwanda vya nguo hutuuliza sana swali moja: bakteria wataondoa rangi kwenye majitaka kwa muda gani? Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa siku kadhaa, kutegemea rangi yenyewe, joto na chumvi iliyomo. Ila swali hilo linaishia katikati ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayogusa afya za watu.

Rangi nyingi za viwandani ni za jamii ya azo, iliyotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Peter Griess mwaka 1858. Kinachozipa rangi ni atomu mbili za naitrojeni zilizoshikamana ndani ya molekuli. Molekuli hizi huundwa zihimili jua, jasho na sabuni, ndiyo maana kanga nzuri haichuji. Kwa uimara huohuo, zikifika mtoni hukaa. Na zinazofika si haba: kwa rangi zinazoungana na nyuzi za pamba kwa kemikali, hadi nusu inaweza isishike kitambaa, ikaondoka na maji ya kusuuzia pamoja na chumvi na magadi yaliyotumika kuishikisha.

Bakteria wa jamii kama Pseudomonas, Bacillus na Shewanella wanaweza kuukata mshikamano huo wa naitrojeni. Wanakula chakula chao, tuseme wanga uliooshwa kwenye nyuzi au molasi iliyoongezwa makusudi, kisha elektroni zinazotokana na mlo huo wanazitua kwenye rangi. Oksijeni isiwepo, maana ikiwepo elektroni huenda kwake kwanza. Katika maabara, jambo hili linaonekana wazi. Chupa mbili zina rangi nyekundu ileile na bakteria walewale: iliyozibwa na kutulia hupauka mpaka ukabaki ukungu wa bakteria tu, inayotikiswa usiku kucha ipate hewa hubaki nyekundu.

Hapo wengi hushangilia mapema. Molekuli iliyokatwa haijatoweka. Vipande vyake ni amini za aromatiki, yaani kemikali zenye naitrojeni iliyoshikamana na pete ya kaboni; nyingi hazionekani kwa macho, na baadhi ni hatari kuliko rangi yenyewe. Benzidini, mojawapo, husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Ndiyo sababu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia, kwa nguo zinazogusa ngozi, rangi za azo zinazoweza kuachia amini yoyote kati ya 22 zilizoorodheshwa. Mkaguzi anayepima kwa macho atayapitisha maji haya. Kwangu mimi hayo yanatisha zaidi ya mto mwekundu, kwa sababu mto mwekundu hakuna mama atakayeuchota kwa ajili ya mwanawe.

Kwa hiyo bwawa moja halitoshi. Baada ya lile lisilo na hewa, maji yaingie katika bwawa la pili linalopulizwa hewa, ambako bakteria wengine huzivunjavunja amini na kuzitumia kama chakula. Hatua hii ndiyo ngumu. Baadhi ya amini zikikutana na hewa hugeuka kahawia badala ya kuliwa, na zenye salfonati, yaani kundi la atomu za salfa na oksijeni, huhitaji bakteria waliozoeshwa taratibu.

Chumvi na magadi navyo huwaua au kuwadumaza bakteria wa kawaida, na hapa Afrika Mashariki ina utajiri wake. Nchini Ethiopia, watafiti walipata katika Ziwa Chitu, ziwa la magadi, bakteria wa jamii ya Halomonas wanaoondoa rangi ya azo katika maji makali ya namna hiyo. Natron, Magadi na Bogoria ni maziwa ya aina hiyohiyo katika Bonde la Ufa, na ningependa kuona vyuo vyetu vikiyachunguza kwa bidii zaidi.

Mwenye kiwanda anayeletewa mtambo wa bakteria adai vipimo vya amini na vya sumu kwa viumbe wa majini, kabla na baada ya bwawa la pili. Aulize pia habari za tope linalobaki mabwawani. Sehemu ya rangi hunata humo bila kuvunjwa, kwa hiyo lisigawiwe kama mbolea ya bustani kabla halijapimwa.